Sekunde Tatu na Robo

Walimu wa chuo ndio waliompa jina la Bi Kasoro, na hawakumwonea. Ukimpelekea kompyuta iliyogoma, kabla hajaigusa ataanza na kasoro zako wewe: unakula mkate juu ya kibodi, unabonyeza kabla hujasoma, kisha unashuka hapa na uso wa msiba, utadhani mashine imejifia yenyewe. Akishamaliza kukuchambua anaitengeneza, na inatengenezeka. Ana miaka kumi na saba katika chumba kile cha chini, ubavuni mwa stoo ya viti vibovu, na dirisha lake linaona miguu ya wapitao tu. Anasema inamtosha, maana nyuso zenyewe hazina jipya.

Lakini kazi anayoiheshimu hasa haimpi hata senti. Ana mdogo wake wa kiume aliyepoteza macho akiwa na miaka sita, na nyumbani wanamwita Redio, kwa sababu akishawashwa hazimiki. Redio alipopata kompyuta yake ya kwanza, kuukuu, inayokoroma, dada mtu alimtafutia programu ya kusoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini. Ilikuwa programu huria. Yaani msimbo wake, maandishi yale ya ndani yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote, na watu wasiojuana hata kwa sura wanaurekebisha bure. Sharti lake ni moja: ukichukua, useme umechukua kwa nani, na ulichokitengeneza nacho ukiache wazi.

Programu yenyewe ilikuwa haijui majedwali. Ikikutana na jedwali ilibwabwaja tarakimu kama mlevi anayetafuta namba ya nyumba yake. Bi Kasoro akakunja mikono ya blauzi, akaandika kipande cha kusomea majedwali, na tangu siku ile, miaka kumi na miwili sasa, kipande hicho yeye ndiye mlezi wake. Hakiingii kitu humo bila yeye kusema ndiyo.

Sasa Jumanne moja mkuu wa kitengo chake akashuka ngazi mbili mbili. Bwana huyu hunywea chai kwenye kikombe chenye nembo ya ile kampuni kubwa inayouza programu za maofisini, na wala hakukinunua, alipewa kwenye semina, nacho anakibeba mpaka mikutanoni.

"Umeona? Kampuni imetoa msimbo," alisema. "Bure kabisa. Kwa ajili ya hiyo programu yenu ya wasioona. Kweli dunia imebadilika."

"Imebadilika upande upi?"

"Bi Kasoro, si uwe na shukrani kidogo tu."

"Mtu amekufungia nje miaka kumi. Leo amekufungulia kidirisha cha choo, halafu unataka nimwandikie barua ya asante."

Hakukosea. Kampuni hiyo ndiyo ile ile ambayo bosi wake mmoja aliwahi kusimama jukwaani akasema vitu vya bure hutengenezwa na watu waliokosa kazi. Programu zake zilikuwa bubu kwa kila chombo cha wasioona isipokuwa kile inachokiuza yenyewe, kwa bei ya kukufanya ukae chini. Na leo imejaa tabasamu. Imetoa tangazo lenye picha ya msichana mwenye miwani myeusi akichekea kompyuta iliyozimwa, maana aliyepiga picha hakuona haja ya kuiwasha. Na watu, sijui tuna nini sisi watu, wakajazana kupongeza. Mmoja akaandika kwamba amelia. Mwingine, ambaye mwaka jana tu alikuwa akiitukana Kampuni asubuhi na jioni, akasema yeye siku zote alijua wana moyo. Bi Kasoro alisoma pongezi kumi na moja, akafunga ukurasa, akaenda kunawa mikono.

Angeweza kuutia kapuni msimbo ule na kulala usingizi wake. Tatizo lilikuwa Redio. Redio anapokea simu za malalamiko kwenye ofisi ya maji, kazi anayoiweza kuliko wote pale, kwa sababu mtu aliyekatiwa maji anataka kusikilizwa, na Redio masikio anayo. Miezi miwili nyuma ofisi ikaleta programu ya Kampuni ya kuandikia malalamiko, yote majedwali matupu, na chombo chake cha kusomea, kilichofungiwa nje, kikawa bubu. Tangu hapo anamwomba mama wa meza ya pili amsomee. Meneja akamwambia kwa upole, upole ule wa kukutoa mlangoni, kwamba wanampa mpaka mwisho wa mwezi. Wakishindwa kupata njia, atapumzika. Zilibaki siku tisa. Na njia yenyewe ndiyo ile zawadi ya Kampuni, msimbo wa kuyafungulia majedwali yake, na mlango wa kuingilia ameushika dada yake.

Jumamosi asubuhi Redio akaja nyumbani kwa dada yake, akaegesha fimbo pale pale anapoiegesha siku zote, akakaa mezani.

"Dada, bado?"

"Nasoma."

"Unasoma tangu Jumanne."

"Mistari elfu nne, na aliyeiandika anapenda sana sauti yake mwenyewe. Kitu cha maneno mawili anakisema kwa kumi."

"Lakini kinafanya kazi?"

"Kinafanya," akasema, na likamtoka kama jino. Alikuwa amekijaribu mara ishirini akiomba kianguke, nacho kimesimama tu. Akateremka mstari mwingine, na mwingine, akitafuta kasoro walau moja ya kuwatupia usoni. Kisha akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena kwa mnong'ono.

"Nini?"

Pale katikati ya majigambo yote ya Kampuni palikuwa na amri ndogo: jedwali likifunguka, subiri sekunde tatu na robo ndipo usome. Si mbili, si tatu. Tatu na robo.

Duniani hapakuwa na sababu ya namba ile isipokuwa moja, na sababu hiyo ilikuwa imekaa mezani ikimenya chungwa. Miaka ile, Redio alikuwa akifungua jedwali kwanza, ndipo aanze kupapasa hedfoni, na neno la kwanza lilimpita kila mara. Kumwambia avae kabla ilikuwa kujisumbua. Basi Bi Kasoro akachukua saa ya jikoni, akampima akivaa mara sita, akapata sekunde tatu na robo, akaziandika ndani ya programu pamoja na maelezo: hapa tunasubiri mdogo wangu avae. Akasahau kwamba programu ile si ya nyumbani kwao. Miaka miwili mizima watu wa mabara yote walikaa wakingoja Redio avae hedfoni, mpaka mmoja akauliza, naye akazitoa kwa aibu.

Kampuni ilikuwa imezichukua kabla hajazitoa. Ilifuta maelezo, ikafuta jina lake, ikaziacha sekunde, kwa sababu hakuna aliyejua ni za nini wala aliyethubutu kuzigusa. Miaka kumi wamekiuza kipande chake ndani ya kile chombo chao cha ghali. Leo wamemletea mwenyewe, kimefungwa utepe.

Alimweleza Redio yote. Redio alicheka kwanza, kisha akaacha kumenya.

"Ukiwasema hadharani?"

"Msimbo utawekwa kando mpaka ijulikane ni wa nani. Wataleta wanasheria. Mwaka, labda miwili."

"Na haki ni yako."

"Najua ni yangu."

"Basi idai, dada. Mimi nitakuwa nyumbani, nitakusaidia kuwatukana."

Alisema bila kinyongo, na ndiyo iliyomkera Bi Kasoro. Redio angalimwomba, angalilia, yeye angalipata wa kumgombeza. Alimtazama mdogo wake anavyopanga maganda ya chungwa kwa mstari, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, fundi wa kusikiliza. Akaona uchungu hasa: wezi wale walikuwa wamemshika pabaya bila hata kujua kwamba Redio yupo. Aliwachukia kwa hilo kuliko kwa wizi wenyewe. Akavuta kibodi.

Alipitisha mistari yote elfu nne isipokuwa mmoja. Kule juu alirudisha jina lake kwa mkono wake mwenyewe, na palipokuwa na ile amri akaandika, mahali ambapo ulimwengu mzima unaweza kusoma: "Hapa palikuwa na sekunde tatu na robo za mdogo wangu. Nimezitoa. Aliyezichukua anajijua."

Kampuni ikajibu siku ya Jumatatu. Ilimshukuru sana kwa mchango wake. Jumatano ikatoa tangazo jingine, na mkuu wa kitengo akashuka nalo, kikombe mkononi, akamsomea kwa sauti: kwa juhudi za wahandisi wake, sasa majedwali yanasomwa kwa kasi zaidi, muda wa kusubiri umepungua kwa zaidi ya sekunde tatu nzima.

"Sasa hapo unaona kasoro gani?" aliuliza.

Bi Kasoro hakuinua kichwa kutoka kwenye skrubu aliyokuwa akiikaza. "Ondoa hicho kikombe mezani kwangu," alisema.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Redio, yuko mezani kwake ofisini, na nyuma yake zilisikika simu nyingine zikiita.

"Dada, inasoma. Yote inasoma. Ila imeanza kabla sijavaa, neno la kwanza limenipita."

"Vaa mapema."

"Si urudishe zile sekunde."

"Ili Kampuni izichukue tena?" alisema. "Jifunze kuvaa."