Shamba la Nyasi la Liberatus

Mdogo wangu Liberatus ni karani wa masjala katika ofisi moja mjini Iringa. Kazi yake ni kutoa mafaili kabatini asubuhi na kuyarudisha mchana. Saa za kazi zikiisha tu yu mlangoni, maana kuanzia hapo yeye si karani tena, ni mcheza gofu.

Viwanja vya maana viko mbali na vinataka ada, kwa hiyo bwana mkubwa akabuni gofu yake ya bei nafuu. Fimbo alizinunua kwenye mitumba Mwanjelwa, alipokwenda Mbeya kwa semina. Zote ni za watu wa mashoto. Liberatus si mashoto. Hakuuliza, akazibeba, na mpaka leo anajizungusha nazo kama kuku mwenye kideri, halafu anatuambia mchezo ni mgumu.

Hayo ningemsamehe. Tatizo ni uwanja. Baba alipofariki, ukoo ulimpa yeye shamba la bondeni kijijini kwetu, si mbali na mji, udongo mweusi usiojua mbolea. Mimi mkubwa wake nikaambiwa mwanamke kwao ni kwa mumewe. Mume wangu naye akafa, shemeji zangu wakachukua kila kitu, na tangu hapo nalima vishamba vya kukodi huko mlimani kwenye mawe. Liberatus akaufanyia nini udongo ule? Akaacha mahindi, akapanda nyasi! Mtoto wa mkulima, mzima wa akili, anapanda nyasi kwa makusudi. Jioni anakutana hapo na mwalimu mmoja na fundi simu, wanapiga kipira, wanakitafuta vichakani, wanakunywa ulanzi na kujiita klabu. Nilikuwa nikipita na jembe begani nikiwatazama, na roho iliniuma.

Kwenye ukoo wetu shamba likikaa misimu miwili bila kulimwa, wazee wanaweza kumpa ndugu mwingine mwenye shida. Msimu wa pili ulipopita niliitisha kikao, nikaomba shamba lile waziwazi. Wazee walikuja jioni palepale shambani, wakiongozwa na baba mdogo Sosthenes. Mimi nilifika moja kwa moja kutoka mlimani, na jembe langu mkononi.

"Baba mdogo, hili ni pori," nikasema. "Mimi sina pa kulima. Nipeni."

"Pori gani, dada Evarista?" Liberatus akaruka. "Nafyeka kila Jumamosi!" Akamgeukia mzee kwa salamu ya Kihehe: "Baba mdogo, kamwene, hebu shika hii fimbo ujaribu."

Sasa, baba mdogo Sosthenes ni mashoto tangu kuzaliwa. Mzee akaishika fimbo, akapiga, na kipira kikapaa mpaka ng'ambo ya kijito. Wazee wazima wakashangilia kama watoto wa chekechea. Walikisahau kikao. Kila mmoja alitaka zamu yake, na ulanzi ukaletwa. Nilisimama pale nikiwadharau mmoja mmoja, kwa majina yao.

Hatimaye baba mdogo akafuta mdomo, akatoa uamuzi.

"Mwanangu Evarista, shamba linalofyekwa halijatelekezwa. Libaki kwa mdogo wako. Ila nawe una shida, tunaiona. Basi uwe unamfyekea nyasi hizi, naye asikusahau kwa chochote kidogo."

Wakaitikia kwa vichwa, wameridhika kabisa na huruma yao.

"Nashukuru, baba," nikamjibu. "Naanza leo."

Nikaenda katikati ya uwanja, pale kwenye kishimo cha kutumbukizia kipira, walipolainisha nyasi vizuri kuliko kwingine, nikainua jembe, nikazifyeka pamoja na mizizi yake. Liberatus akapiga kelele, akawaita wazee wanizuie. Hakuinuka hata mmoja. Amri ya kufyeka walikuwa wametoa wao, na wote walijua kwamba ambaye angemnyang'anya mjane jembe angeulizwa na kijiji kizima analitakia nini, kama si kulinda nyasi.

Nililima mpaka wakaondoka. Mvua ilipoanza nikapanda maharage palepale.