Kibali Nilichomnyima

Mwaka wangu wa pili katika chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Tanga, nilichaguliwa kuwa waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi. Cheo kilikuwa kikubwa kwa jina tu. Kila asubuhi kabla ya mchakamchaka nilikaa kwenye benchi mbele ya bweni la wasichana, daftari mapajani, na aliyejisikia vibaya alikuja kwangu. Nikiridhika kwamba anaumwa, nilimwandikia kibali akapumzika au akaenda zahanati. Nisiporidhika, alikimbia na wenzake kisha akashika ufagio. Kazi hiyo ilikuwa ya matroni, lakini matroni alikuwa na watoto wadogo na hakupenda kuamka mapema.

"Wewe una macho," aliniambia. "Usikubali kuchezewa."

Sikukubali. Nimekulia Kigombe, katika nyumba ambayo mgonjwa ni yule aliyeshindwa kabisa kuinuka. Mama yangu alikaanga samaki wa kuuza akiwa na homa, na alikaanga akiwa na mimba ya miezi tisa. Kwa hiyo msichana aliyekuja kwa miguu yake miwili kuniambia mgongo unamuuma nilimwona kama anamtukana mama yangu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa siku zile. Sababu nyingine nimekuja kuikiri baadaye: nilipenda kukataa. Nilipenda kuona mtu anasimama mbele yangu akisubiri nifungue kofia ya kalamu.

Mwaka huo akaja msichana kutoka Ushongo, mwaka wa kwanza, akapangiwa chumba chetu, kitanda cha chini ya changu. Alikuwa mwembamba, macho yake yana umanjano, sauti yake ndogo. Baba yake alikuwa mlinzi wa hoteli ya watalii kule kwao na mama yake alisuka makuti. Alitembea na chupa ya maji kila mahali, hata darasani. Asubuhi alikwenda jikoni kuomba maji ya moto ya kuoga, na mpishi wetu, mama mmoja wa Kidigo kutoka Moa, alimpa bila kumuuliza kitu. Sisi wengine tulioga maji ya bomba. Nikamwita Bibi Harusi, na jina likashika. Kufika wiki ya pili hata wavulana walimwita hivyo.

Siku ya kwanza aliyokuja kwenye benchi alinipa shikamoo. Nilimzidi mwaka mmoja tu. Nikaitikia marahaba.

"Dada, mimi nina seli mundu," alisema. "Daktari ameandika nisikimbie, nisipigwe na baridi, na ninywe maji mengi."

"Seli nini?"

"Mundu."

"Seli kila mtu anazo," nikamwambia. "Na kama mundu unao, nenda kafyeke majani nyuma ya bwalo."

Wasichana waliokuwa kwenye foleni walicheka, na wengine walikuwa wagonjwa kweli. Yeye hakucheka wala hakuondoka. Alitoa kadi ya kliniki iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akanipa kwa mikono miwili.

"Naomba umfikishie matroni. Nimemfuata mara mbili, anasema mambo ya afya yaanzie kwako."

Niliichomeka kadi ndani ya daftari. Siku hiyo nilisahau kuipeleka. Siku zilizofuata sikusahau, ila sikuipeleka. Niliifungua mara moja nikaona mihuri na maandishi ya daktari, nikaifunga. Nilijua nikiisoma nitalazimika kumwandikia kibali kila alipokuja, na wenzangu wangesema Bibi Harusi kanishinda.

Basi akawa anakimbia. Alikimbia nyuma ya wote akishika kiuno, na kiranja wa michezo alimpigia filimbi sikioni. Mara nyingine nilimwandikia kibali, kama mara moja katika mara nne, na kila nilipomwandikia alinishukuru.

Kipupwe kilipoingia, asubuhi zikawa na manyunyu na upepo mkali. Wiki moja alikuja siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nikamwambia amenichosha, na kwa kuwa anapenda sana maji, atasafisha tangi la zege la nyuma ya bweni pamoja na wasichana wawili waliochelewa paredi. Waliingia ndani, maji magotini, wakasugua ukoga wa kijani kwa brashi. Mimi nilikaa juu ya ngazi. Wale wawili walimaliza upande wao nikawaruhusu kutoka. Yeye nilimbakiza.

"Na kona," nilimwambia.

"Dada, miguu siisikii."

"Utaisikia ukimaliza kona."

Alisugua kona. Alipotoka alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana, na nguo zilikuwa zimemganda mwilini.

Mchana ule alianza kulia kitandani. Hakuwa akipiga kelele. Alitoa mlio mmoja mwembamba usiokatika. Mwenzetu mmoja alimrekodi kwa simu akaituma sauti ile kwenye kundi la WhatsApp la bweni. Watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Mimi nikaandika: "Bibi Harusi ana uchungu, mwiteni mkunga." Niliandika hayo nikiwa kitanda cha juu, yeye yuko chini yangu. Alikuwemo kwenye kundi. Simu yake ililia palepale kando ya mto wake, na nikamsikia akiichukua.

Asubuhi hakuamka kwenda kuomba maji ya moto. Mpishi aliona kimya, akaja mwenyewe na ndoo. Alimkuta akihema kwa vipande vifupi kama mtu aliyekimbizwa, midomo imebadilika rangi. Akaiweka ndoo chini, akatugeukia sisi tuliokuwa tunavaa viatu vya mchakamchaka.

"Ninyi ni watu gani?" akauliza taratibu. Kisha akaniangalia mimi. "Si wewe ndiye wa afya?"

Alimbeba mgongoni kama mtoto mpaka kwenye gari la mkuu wa chuo. Hakuna aliyemsaidia.

Mkuu wa chuo aliniita siku iliyofuata. Matroni alikuwa ameketi pembeni. Daktari aliyempokea hospitali alikuwa ameuliza ni nani aliyemtumbukiza mgonjwa wa seli mundu ndani ya tangi la maji baridi.

"Alikuwa amekuambia anaumwa ugonjwa huu?" mkuu akaniuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Hajakuletea kadi, cheti, chochote?"

"Hapana."

Nilimtazama matroni, ambaye naye alikuwa ameambiwa mara mbili. Alikuwa anaangalia sakafu. Tulielewana bila kusema neno.

Nilipotoka pale nilikwenda jikoni, nikajifanya naota moto, nikaisukuma kadi ile chini ya sufuria la maharage. Nailoni ilijikunja, ikatoa harufu. Mpishi aliuliza nani kachoma plastiki kwenye moto wake. Nikasema sijui.

Barua ya chuo ilieleza kwamba mwanafunzi alificha ugonjwa wake na kuhatarisha maisha yake, hivyo arudi nyumbani mpaka atakapokuwa fiti. Mama yake alikuja kuchukua sanduku. Alikuwa mfupi, amejifunga kanga mbili, vidole vina michubuko ya makuti. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia.

"Kumbe ndiwe wewe," alisema akanishika mkono. "Kila akipiga simu alikuwa akinitajia dada wa afya anayemwandikia vibali. Mimi nikilala naona moyo umetulia, mwanangu ana mtu."

Kisha akaniomba kadi. "Anasema aliiacha kwako. Kliniki wanaitaka."

"Labda amesahau, mama. Kwangu haipo."

"Ugonjwa unamchanganya," alisema, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Nikamsaidia kubeba sanduku mpaka getini.

Yeye hakurudi chuoni. Mimi nilimaliza, nikapata kazi katika shule ya msingi, na kwa miaka kadhaa sikumtafuta. Nisingemtafuta kama nisingepelekwa semina Pangani. Siku ya mwisho nilivuka kwa kivuko nikachukua bodaboda mpaka Ushongo, dereva akanisubiri barabarani. Nilimkuta barazani kwao anashona foronya kwa cherehani. Alinyanyuka kunikaribisha, ndipo nikaona fimbo. Mfupa wa nyonga ulikuwa umekufa, aliniambia, damu iliacha kuufikia. Alilisema hilo kama mtu anayeeleza njia ya sokoni.

Nilimweleza yote, kadi, moto, maneno niliyomjibu mkuu. Nililia. Alinisikiliza bila kuacha kukunja kitambaa.

"Nilijua," alisema. "Siku ya tangi nilikuona unacheka na mtu kwenye simu, nikajua kadi haijafika kokote."

"Sasa kwa nini ulimwambia mama nakuandikia vibali?"

"Ningemwambia nini? Asingelala."

Nikamwomba anisamehe.

"Sitaki," alisema. "Nikikusamehe utarudi kwako umepona, mimi nibaki na fimbo. Kaa na hatia yako. Ila mama usimwambie. Ni mzee, anakuombea dua kila Ijumaa pamoja na watoto wake. Ukimwambia utamwondolea mtu mmoja katika dua, na mimi sina mwingine wa kumpa."

Hakunipa maji wala hakuniambia karibu tena. Nilivaa viatu nikaondoka. Njiani, kwenye minazi, nilikutana na mama yake akitoka kukata makuti, mzigo kichwani. Alinitambua kabla sijamwamkia.

"Umekuja kumtazama mwenzio," alisema. "Mungu akulipe, mwanangu."

Nikasema amina, nikamtua mzigo apumzike, na dereva wa bodaboda akaanza kupiga honi kwamba muda unakwenda.