Chatu Aliyekataa Paja la Kuku

Ilianza Jumamosi, saa kumi na robo jioni, baba mdogo alipotangaza kwamba chatu wake asipokula leo, kesho anamkata kichwa auze ngozi. Alimwokota kwenye shamba la mkonge, Ngombezi, angali mdogo, unene wa mpini wa jembe. Akamtia kwenye ndoo ya rangi, akajiita mfugaji. Tangu hapo chatu hakutia kitu mdomoni.

Kambi yetu nzima ya wakata mkonge ikaja kumlisha. Mfuniko ukatolewa, vichwa vikajazana. Wakamtoa panya mzima koponi, wakamning'inizia, anarusha miguu. Chatu akajikunja.

"Panya hajachinjwa," akasema jirani yetu, muuza vitumbua. "Huenda huyu ni wa swala tano."

Watu wakacheka, lakini baba mdogo akaenda kweli kuchinja kuku, tena wa mama, kwa bismillahi. Panya akarudishwa koponi. Mama, ambaye hajawahi kumpa mgeni kitu kibichi, akamchemsha kuku, akatia chumvi na ndimu. Paja likashushwa ndooni.

"Karibu mwanangu, kula," bibi akambembeleza. "Usione haya, hapa ni kwenu."

Chatu akaficha kichwa.

"Ana kiburi," akasema baba mdogo.

"Kiburi gani? Kakuona uso wako, njaa ikamwisha!" akajibu muuza vitumbua.

Nyama iliyobaki ikafunikwa jikoni. "Ya chatu hiyo, asiguse mtu," akasema mama. Sisi tukala mchicha.

 Mimi mbele za watu sauti yangu haitoki. Nikienda kwa ndugu zetu Handeni, wananizunguka: "Mbona huli? Huyu binti vipi?" Tonge linakwama palepale. Watu wazima wote wale, na hakuna aliyewaza kwamba macho nayo yanafunga koo.

Walipokwenda kutazama mpira, nikatoa paja, nikamtia yule panya wa koponi, nikafunika ndoo kwa mfuniko na kanga juu yake, nikaenda zangu kuosha vyombo.

Asubuhi, wote wamelala, nikafunua. Panya hayupo, na chatu ana uvimbe katikati kama fundo la kamba. Nilimjua baba mdogo: angeita kambi tena, chatu ale mbele ya simu zao, asipokula, panga. Nikabeba ndoo hadi ukingoni mwa mkonge, nikailaza ubavu. Akatoka taratibu, hakuaga.

Nikarudi jikoni, nikafunga mlango, nikala kuku wa chatu mpaka mifupa. Hakuna aliyenikaribisha, na nyama ilishuka vizuri.