Ugali wa Mtama Mpya

Tumbo la Emiliana halikutulia tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Lilijaa gesi, likasokota. Leo limefunga choo, kesho linaharisha. Daktari wa Kiomboi alimweleza kwamba hana kidonda, ila utumbo wake unachokozeka upesi. Apunguze nyuzinyuzi ngumu, zile za kunde na mtama usiokobolewa. Ale mlenda, papai na viazi vilivyomenywa, na kila kipya akiongeze kidogo kidogo. Alifuata, akapata nafuu.

Lakini pale Misigiri mambo ya choo hayasemwi mbele ya mama mkwe. Basi Bibi Rebeka, mama wa mumewe, alipowaita wanawe kula ugali wa kwanza wa mtama mpya, Emiliana alinawa, akakaa, asimege.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshibia wapi? Au chakula changu kina kitu?"

Watu waliacha kutafuna. Kukataa chakula cha mtu ni kumwita mchawi bila kufungua kinywa.

"Mwache, mama," alisema wifi yake, Flora. "Mwenzetu siku hizi ni wa wali."

Sostenes, mumewe, aliyekaa naye mbele ya daktari akasikia kila neno, aliinama na kuchovya tonge lake.

Emiliana aliona midomo ya mkwe ikitetemeka. Akamega tonge, akamega na jingine, akala na kunde mpaka bibi akacheka na kumpiga begani. "Huyo sasa ndiye mwanangu!"

Alfajiri Emiliana alikuwa sakafuni, amejikunja, analia. Majirani wakauliza alikula wapi. Kwa mkwe wake. Kabla ya jua kupanda, habari ya uchawi ilikuwa imefika bombani.

Hapo Emiliana akaeleza yote, choo na daktari, bila aibu tena. Wakasema anamfichia mkwe. Sostenes alipoulizwa alijibu, "Mimi mambo ya tumbo la mwanamke nayajulia wapi?"

Wengine waliuita huo upole. Ulikuwa woga, na kwa woga huo mwanamume alimzika mama yake akiwa hai.

Kwa uji mwepesi na papai tumbo lilitulia. Jina la Bibi Rebeka halikupona. Ulipotokea msiba kwa jirani alipeleka sufuria ya kunde, kama wanawake wote. Jioni alirudi nayo kichwani, imejaa vilevile, akapita mbele ya mlango wa Emiliana.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia.