Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Mama mkwe wangu alitoka Bumula, kule Bungoma, akaja kwetu Kitale na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Daktari alimwambia waziwazi: asipokuja kliniki kila wiki, mguu utakatwa. Wiki mbili tu zikapita, mama akaanza kufunga virago.

Kisa ni mimi. Kwao Bungoma, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, wala hawapeani mkono. Nikiwa sebuleni, yeye amejifungia chumba cha nyuma. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati, na kwetu mama mkwe hukalishwa kwenye kochi akamiminiwa chai. Nilikasirika, sitaficha. "Mguu unaoza, na nyinyi mnaniletea mambo ya miiko!" nilimfokea mke wangu.

Siku hizo nilikuwa nimenunua kompyuta kuukuu ya ofisi na kuiunganisha na televisheni. Fundi aliipanga vizuri: unabonyeza kitufe kimoja, mashindano ya magari yanaanza. Hakuna kibodi, hakuna meza, ni kochi na padi mbili za kushika mkononi. Niliipendea hilo. Kazini nilishinda nikipigana na mashine. Nyumbani nilitaka ile isiyoniuliza maswali.

Jumamosi moja, mama akiwa bado hajaondoka, nilirudi mapema, nikasikia kelele nikiwa bado nje. "Toka kwa barabara, wewe! Ati unanipita? Unanipita mimi?" Alikuwa mama mkwe, yuko sebuleni na binti yangu wa miaka saba. Nikakohoa. Kabla sijavua viatu, alikuwa ameshapotelea nyuma, na padi ilikuwa bado ina joto. Niliona aibu, jamani. Mtu alikuwa na raha nyumbani mwangu, na mimi ndiye niliyeikatiza.

Nilienda mjini nikanunua waya mrefu wa padi. Nikaupitisha chini ya pazia la korido ya kwenda chumba chake, padi moja ikabaki upande wake, nikageuza televisheni ili hata aliye kule aione kupitia upenyo wa pazia. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Wewe bana, una wazimu?" Nikamtuma binti yangu kwa nyanya yake: "Mwambie kukhu kuna mtu hapa anatafuta wa kushindana naye."

Kisha kwenye televisheni gari jekundu, lake, likasonga.

Tulicheza bila kuonana. Kwenye mchezo huo watu hawatazamani, wote wanatazama mbele, na kumbe ndivyo hata mwiko ulivyotaka. Nilimwachia raundi ya kwanza, nikamwachia ya pili. Ya tatu nikaligongesha gari langu ukutani makusudi.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikimwelekea mtoto. "Mwambie baba yako, mgonjwa ni mguu, si mikono. Aendeshe gari vizuri."

Nikaendesha. Nikamshinda vibaya sana. Akadai tena, nikamshinda tena, nikamsikia akiguna kwa hasira.

"Na umuulize," akamwambia mtoto, "kliniki ni Jumatatu ama Jumanne?"