Maji ya Rangi na Mindimu ya Dada Yangu

Admini, nifiche jina, sisi wa Maskati sote twajuana. Nna miaka hamsini na sita, nna wajukuu. Skuli niliishia darasa la nne, lakini kwa kutia rangi vitambaa hajazaliwa wa kunifikia. Miaka ya tisini nilikuwa na kiwanda kidogo Wattaya. Nusu ya mabuibui ya mji huu yalipata weusi mikononi mwangu.

Maji machafu tukiyamwaga wadini, kwenye bonde la mto mkavu, na mbuzi wakenda kuyanywa. Ikiniuma. Nikapanga mapipa matatu, kokoto, mchanga na makaa. Maji yakiingia meusi kama kahawa, yakitoka meupe, tunayatumia tena. Wallahi walikuja mainjinia kunitazama, mmoja akatoka machozi.

Yaliyozidi nikampelekea dada yangu, nyumbani kwake Bawshar. Ni mjane, na uani alikuwa na mindimu kumi na moja aliyoipanda marehemu mumewe.

"Mdogo wangu, haya si ya rangi?"

"Yalikuwa. Sasa hata wewe waweza kuyanywa."

"Tangulia wewe basi, fundi."

Nikapiga funda mbele yake. Yalikuwa na chumvi. Chumvi tukiitia wenyewe ili rangi ishike, na makaa hayaitoi. Nililijua hilo ulimini mwangu saa ile ile. Nikameza, nikamwambia matamu.

Nikampelekea miezi minne. Majani yakaungua pembeni, kisha mindimu yote ikakauka. Dada alikaa chini akaushika mmoja kama anayemshika mgonjwa.

Kabla ya hapo jirani yake, nimwite Bi Zuwena, alikuwa kazisifu zile ndimu asiseme mashallah. Dada akasema, "Jicho lake hilo." Akanigeukia. "Au wewe waonaje?"

Nikasema, "Huenda."

Neno moja tu. Wale walikuwa wakila futari sahani moja, na tangu siku hiyo hawaamkiani.

Sasa Bi Zuwena yuko kitandani, hainuki. Wiki iliyopita kamtuma binti yake kwa dada, nami nipo nakunywa kahawa. "Mama anasema kama jicho lake ndilo lililoua mindimu, umsamehe. Hakukusudia."

Yaani mwenyewe keshaamini.

Dada akajibu, "Mwambie nafikiri." Bado anafikiri.

Nikisema kweli, dada hatonitaka tena, na sina ndugu mwengine. Nikinyamaza, yule mama anakufa akiomba msamaha wa kosa langu. Usingizi umenikimbia. Ndugu zangu, nielekezeni, nianzie nyumba ipi?