Ramadhani Niliyoruhusiwa Kunywa Maji

Kaka yangu ndiye aliyenilea. Baba alifariki tukiishi Elwak, nikiwa bado mdogo, na kaka, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza biashara ya mbuzi, akanichukua nyumbani kwake. Alihakikisha sikosi maziwa ya ngamia asubuhi na jioni. Hakutaka mtu aniangalie aseme yule ni yatima. Nikanenepa, naye akafurahi. Hata nilipopata kazi Garissa, katika ofisi ya mifugo, kila alipopita na mbuzi wake kwenda mnadani alinipiga begani na kuwaambia wenzake kwamba mwili huu ni kazi ya mkono wake.

Unene ule ulizidi. Magoti yakauma, nikapata ugonjwa wa sukari, pumzi ikawa inanikatika kwenye ngazi za ofisini. Mwaka juzi nikaenda Nairobi, daktari akanikata sehemu kubwa ya tumbo na kuniachia kidogo. Kaka nilimwambia kwamba nimepasuliwa tumbo, basi. Alidhani ni vidonda vya tumbo, na mimi sikumsahihisha.

Nilirudi na maagizo mawili makubwa: nitembee sana, na ninywe maji siku nzima, funda moja moja. Tumbo lililobaki halipokei maji mengi kwa mpigo. Nikinywa kama watu wa kwetu wanavyokunywa, kuinua jagi na kulimaliza, maumivu hunipasua chini ya kifua kisha natapika. Kwa hiyo chupa haikunitoka mkononi.

Jirani yangu ni mwalimu kutoka Kitui, mtu wa kukimbia tangu ujana wake. Alianza kunitembeza polepole baada ya sala ya alfajiri, tukavuka daraja la Tana hadi Madogo na kurudi. Baadaye tukawa tunapita Madogo, mahali pengine tukikimbia kidogo. Kila baada ya mwendo alinisimamisha. "Jirani, maji," alisema, akangoja nimeze. Miezi ikapita, magoti yakanyamaza, sukari ikashuka, suruali zangu zote zikarudi kwa fundi. Msikitini watu walianza kumuuliza mwanangu mkubwa kama nina kifua kikuu.

Kisha ikaingia Ramadhani. Hospitali walinikataza kufunga mwaka ule. Nilimwendea imamu, naye akasema mgonjwa ana ruhusa, nitalisha maskini kwa kila siku nitakayokula. Nilikuwa na ruhusa pande zote mbili na bado sikuwa na amani. Nyumbani wote walifunga, hata binti yetu mdogo, aliyekataa katakata kufungua adhuhuri. Mimi nilikunywa chumbani, mlango nimeufunga, nikisikiliza nyayo za watoto nje. Mke wangu aliniwekea chupa kabatini kila asubuhi.

Asubuhi moja tulikuwa tunarudi kutoka Madogo, mimi na mwalimu, tukamkuta kaka langoni. Alikuwa amesafiri kutoka Elwak juu ya lori tangu jana yake, juani, na amefunga. Akanisalimia, akauliza tumetoka wapi, nikamwambia. Akaitazama chupa, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Halafu akasema kwa Kisomali, taratibu, ili mwalimu asielewe:

"Mtu anayekwenda Madogo kwa miguu na kurudi, anaumwa wapi?"

Jibu lolote lingeanzia kwenye lile tumbo nililomficha. Nikamfungulia lango.

Kesho yake nikafunga. Wakati wa daku nilijaribu kunywa maji ya kutosha siku nzima, nusu yake nikayatapika. Kutembea sikuacha, maana niliogopa uzito usije ukarudi. Mwalimu aliponiona bila chupa aliuliza, nikamjibu kwamba ni Ramadhani. Akasema wazi kwamba jambo lile halimpendezi, kisha akapunguza mwendo.

Lakini jioni ile kaka alikaa karibu yangu wakati wa futari, akanipa tende kwa mkono wake mwenyewe. Nilijisikia mtoto tena, na ilikuwa raha. Wengine walikunywa sharubati, maji na chai. Mimi nilimeza mafunda machache kabla tumbo halijakaza. Glasi moja ilikuwa haijaisha tulipoinuka kwenda tarawehe. Mke wangu alinitazama tu, akaacha kuweka chupa kabatini. Siku zilizofuata niliamka na kiu ya jana juu ya kiu ya leo. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, mashavu ya miguu yakakakamaa, kichwa kikauma. Sikumwambia mtu.

Nilianguka darajani. Niliuona mto unainama upande mmoja, nikashika chuma, kisha nikasikia mkono wa mwalimu ukinidaka kwapani. Alinipakia kwenye tuktuk hadi hospitali, nikawekewa dripu. Daktari alisema figo zimeumia. Alisema kwa hasira, na hasira yake ilikuwa haki.

Kaka alikuja pamoja na mke wangu. Akauliza vidonda vinawezaje kufika kwenye figo. Mimi nikageukia ukutani. Mke wangu akachukua kikombe kidogo cha kahawa kutoka kwenye kikapu chake, akamwekea kaka kiganjani.

"Shemeji, tumbo lake lote sasa ni hiki. Lingine lilikatwa, kwa sababu ya sukari na magoti."

Kaka alikigeuza kikombe kile kiganjani, akachungulia ndani yake. Halafu akasema, "Nilikulisha kwa mikono yangu. Ukaenda kwa mtu akakikata nilichokulisha."

"Niliogopa kukuambia."

"Na mimi nikakuuliza unaumwa wapi."

Aliichukua chupa iliyokuwa mezani, akaifungua, akanishikia mdomoni. Yeye alikuwa amefunga, midomo yake imekauka na kupasuka. Nilikunywa funda moja huku akilitazama koo langu, kisha akangoja, kisha akanipa lingine.

Figo zimerudi kufanya kazi, ingawa si kama zamani, na kliniki bado naenda. Natembea na mwalimu baada ya alasiri, safari fupi, chupa mkononi. Kaka hupita na mbuzi wake kama kawaida, ila hanipigi tena begani. Hunishika mkono kidogo, kama mtu anayeshika kitu chenye ufa, na mbele ya wenzake haongelei mwili wangu kabisa. Nimetamani mara nyingi anipige kama zamani.

Sasa Ramadhani nyingine imekaribia. Hospitali wamesema tusubiri vipimo. Juzi kaka alipiga simu kutoka Elwak, akauliza bei ya mbuzi huku, akauliza watoto, kisha akasema, "Usifunge kwa ajili yangu."

Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia kwamba si yeye tu. Wale watoto wangu wanaokaa na njaa hadi magharibi bila kulalamika, ndio nisiojua nitakaa nao vipi nikiwa na chupa mkononi.